Siku Kalibu ya Meno Ilipovunjwa

Mwenye haraka na aende zake, maana jambo hili halisimuliwi mbiombio. Ni la enzi ambazo hata bibi yake bibi yangu alizisikia tu kwa waliomtangulia. Enzi hizo watu walitofautiana kwa kimo, kwa sauti na kwa ukali wa ndimi zao, lakini meno yao yalikuwa mamoja. Akili ni nywele, husemwa, kila mtu ana zake. Meno hayakuwa hivyo.

Meno yalitoka kwa Mfinyanzi. Alikuwa mwanamke mkongwe aliyeishi peke yake juu mlimani, kwenye chimbuko la mto, na kazi yake duniani ilikuwa hiyo tu. Mtoto akianza kutokwa na udenda na kutafuna kila anachokishika, Mfinyanzi aliteremka na udongo wake mweupe na kalibu yake ya jiwe. Alishindilia udongo kwenye kalibu, akatoa meno, akayapanga kwenye fizi za mtoto, juu na chini, kisha akarudi kwake. Na kwa kuwa kalibu ilikuwa moja, kila kinywa kilikuwa na meno yaliyonyooka kama punje za hindi zuri, ya juu yakiyafunika ya chini kidogo tu. Hakuna aliyemcheka mwenzake. Hakuna aliyeziba mdomo kwa kiganja anapofurahi.

Mtasema hiyo ndiyo heri yenyewe. Mimi nilipokuwa mdogo, na meno yangu haya mnayoyaona, nililia nikauliza kwa nini sikuzaliwa enzi hizo. Ngojeni basi niwaambie walivyoishi.

Palikuwa na kijiji kiitwacho Mwatunge, na desturi yake ilikuwa kali. Mazao mapya hayakuliwa mpaka limbuko litolewe. Kiazi kitamu cha kwanza kuchimbwa kiliwekwa siku tatu katika kibanda kidogo cha nyasi, kisha mzee wa limbuko alikikata mbele ya watu, na hapo ndipo mashamba yalipofunguliwa. Mwaka mmoja mvua zilichelewa, watu wakakaa miezi miwili wakichemsha majani ya porini. Viazi vilikuwa vimekwisha kukomaa ardhini, wanavikanyaga wakipita, lakini kuvigusa kabla ya limbuko, ng'o! Asubuhi ya siku ya tatu kibanda kilipofunguliwa, kiazi kilikutwa kimeng'atwa. Alama za meno ya juu na ya chini zilionekana wazi kabisa.

Aliyeshikwa ni Wawuda. Alikuwa mjane, mumewe amekufa kabla mtoto wao hajazaliwa, na alionekana akipita karibu na kibanda alfajiri hiyo akienda kuteka maji. Tena alikuwa ananyonyesha, na njaa ya mama anayenyonyesha kila mtu anaijua. Mzee wa limbuko, aliyeitwa Mwakio, alimpa kiazi kingine akamwambia aking'ate. Wawuda akaking'ata. Viazi viwili vikawekwa pamoja, na alama zikalingana bila tofauti hata ya unywele. Watu wakapiga kelele, "Lo! Ni yeye!"

Wawuda akawatazama mmoja mmoja. "Basi na ninyi ng'ateni," akasema. "Ng'ata, baba Mwakio. Nawe shemeji, ng'ata. Kwani kinywa changu kimetoka wapi na chenu kimetoka wapi?"

Mwakio akamjibu, "Mtu mzima hapimwi kwa kiazi."

Ikawa imekwisha. Na msidhani watu wale walikuwa wajinga. Walijua fika kwamba meno yao yote yametoka kwenye kalibu moja. Walijua wakanyamaza, kwa sababu atakayefungua mdomo ndiye angeambiwa ang'ate. Mimi watu wa namna hiyo wananichefua, lakini sisemi kwamba ningekuwepo ningefanya tofauti.

Hukumu ilikuwa Wawuda avuke mto asirudi tena. Mtoto wake Mghoi, wa miezi saba, angebaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Wakafungua mbeleko mgongoni kwa mama, wakamchukua mtoto. Alilia yeye, na mtoto alilia, na wanawake wa kijiji waliingia ndani wakafunga milango ili wasisikie.

Alipofika mtoni alikutana na Mfinyanzi akiteremka, kalibu kichwani. Yule mkongwe alisimama. "Mwanangu," akamuuliza, "mbona kifua kimelowa maziwa na mgongo ni mtupu?" Wawuda akamweleza yote. Mfinyanzi akashangaa, akasema, "Mimi naenda huko huko Mwatunge. Nimeambiwa mtoto wa Wawuda anatokwa udenda."

"Wawuda ni mimi. Nakuomba, bibi, usimtie mwanangu meno hayo."

Mfinyanzi alikasirika. Alikuwa amefanya kazi ile miaka isiyohesabika na hajawahi kukataliwa. "Wewe unajua nini? Kalibu nilifanya moja makusudi, ili pasiwe na wa kuchekwa."

"Anayechekwa hulia, akanyamaza, akalala kwao," Wawuda akasema. "Mimi nimefukuzwa, bibi, kwa alama ambayo ni ya kila mtu. Heri mwanangu achekwe."

Yule mkongwe aliketi juu ya jiwe, kalibu mapajani. Kisha akasimama, akamshika Wawuda mkono, wakarudi wote wawili.

Walipoingia kijijini Mfinyanzi aliwaita watu uwanjani, akamgawia kila mmoja donge la udongo mweupe. "Ng'ateni," akasema. Mwakio alitaka kusema lake, lakini nani atamkatalia aliyempa meno? Waliuma wote, wazee na vijana, na madonge yakapangwa chini kando ya kile kiazi. Mfinyanzi akatembea toka mwanzo wa mstari mpaka mwisho, halafu akauliza, "Haya, Mwakio. Nionyeshe mwizi."

Mwakio alitazama mstari ule, akakaa chini mavumbini. "Ni mimi," akasema. Alikuwa na wajukuu wanne, na kwa siku nyingi chakula chake alikuwa akiwapa wao. Aliingia kibandani kuangalia kama panya hawajakigusa kiazi, akasikia harufu yake, na alipopata fahamu alikuwa tayari amekwisha kung'ata. Akaogopa. Basi alipotajwa mwingine, akapaza sauti kuwashinda wote.

Mimi Mwakio simchukii. Njaa haina adabu, na mzee aliyewaachia watoto sahani yake si mtu mbaya. Lakini alikuwa tayari mama anyang'anywe mtoto kwa kosa la kinywa chake mwenyewe, na hilo nikilikumbuka nashindwa kumtetea.

Wawuda hakumsikiliza. Alikuwa amekwisha kumchukua Mghoi mikononi mwa shemeji yake, ameketi pembeni, ananyonyesha. Mfinyanzi akainyanyua kalibu juu ya kichwa chake, akaibwaga kwenye mwamba, ikasambaratika. Kisha akampakata Mghoi akaanza kumpanga meno kwa vidole. Mikono ya uzee ilitetemeka, na mtoto naye alikuwa anarusha miguu. Dole gumba likasukuma taya la chini likatangulia mbele ya la juu, na chonge moja likampanda jirani yake. Mfinyanzi akasikitika, akataka kuanza upya. Wawuda akamzuia. "Mwache hivyo hivyo. Ni wake."

Na tangu siku hiyo meno hupangwa kwa mkono. Wapo ambao kidole kiliwaendea sawa, na hao hawana sababu ya kuringa. Wapo ambao meno ya juu yamechomoza mpaka mdomo unakataa kufunga, na ambao ya juu na ya chini hayakutani kabisa mbele, ulimi unachungulia. Wengine meno yamepandana kama watu waliokimbia mvua wakajazana kibandani, wengine taya limekwenda upande, na wengine waliachiwa mwanya, nao wanasifiwa uzuri. Siku hizi kuna madaktari wanaoyafunga kwa waya yakanyooka, na anayeumia akitafuna na aende, wala haya asione. Lakini hawapo wawili wanaong'ata sawasawa, na hajafukuzwa tena mtu kwa alama ya meno isiyo yake.

Mghoi alichekwa, tena sana. Watoto wa Mwatunge hawakuwa wamewahi kuona kinywa kama kile. Alirudi mbio akilia, akamuuliza mama yake kwa nini hakumwacha Mfinyanzi arekebishe. Wawuda hakumweleza, maana alikuwa mdogo bado. Alimweka mapajani, akamwacha alie mpaka amalize, na mtoto akalala hapo hapo, kwao.