Barakoa za Kuzima Umbea

Kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, vumbi liliwakaba akina mama wakawa wanakohoa kutwa. Walipoomba barakoa, bosi wao, Bwana Lusangija, aliwacheka.

"Vumbi la pamba limemuua nani? Ijumaa nisipoona magunia kumi, wote nyumbani!"

Basi Mama Holo, mwenye ulimi wake, akajipenyeza ofisini.

"Bosi, nawasema wenzangu, ila usinitaje. Kile si kikohozi. Wanapeana ishara ili wapige umbea, na umbea wenyewe ni wa nyumbani kwako."

"Kwangu?" Bosi akasimama. "Sasa niwafanyeje?"

"Wazibe midomo, kutwa nzima."

"Na pua?"

"Pua usiiache, bosi wangu. Yule Ng'washi anasemea puani."

Kesho yake zikagawiwa barakoa nzito, na atakayevua, kazi hana. Vifua vikatulia, mikono ikakimbia, na Ijumaa yakatimia magunia kumi na manne.

"Umeona?" bosi akatamba. "Umbea ndio ulikuwa unanila!"

"Kweli kabisa, bosi," akasema Mama Holo, bila kukohoa hata kidogo. "Ila sasa wanakusema kwa macho."

Jumatatu kila mmoja akavishwa miwani nyeusi ya kubana usoni, na vumbi likakosa pa kuingilia.