Kalunde na Kihenge cha Wote

Paukwa!
Pakawa!
Wenye masikio?
Tupo!
Wenye njaa?
Tumeshiba!

Ehee, nyie mmeshiba. Yupo ambaye hakushiba, na leo ni zamu yake. Sogeeni.

Hapo kale, katika kijiji cha Igombola, alikaa mama mmoja, jina lake Kalunde. Hakuzaliwa pale. Alikuja akikimbia vita kutoka ng'ambo ya milima, binti yake Kabula mgongoni. Wakampa kishamba cha mawe matupu. Akalima. Akalima. Akalima hata mawe yenyewe yakachoka.

Igombola palikuwa na kihenge kimoja kikubwa, ghala la wote. Kila mavuno, kila nyumba ilimimina kapu la mtama, iwe akiba ya mwaka wa njaa. Kalunde naye alimimina. Siku ya kumimina, hakuna aliyemwuliza katoka wapi.

Basi mvua ikagoma. Kihenge kikafunguliwa. Jumbe Mihambo, mkuu wa kijiji, akasimama pale na kibuyu cha kupimia. Msimchukie, wajukuu zangu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu tu. Kila akichungulia ndani aliona mtama umeshuka.

Kalunde akaja na ungo wake.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Kitovu chako kimezikwa wapi?"

"Ng'ambo ya milima, baba."

"Hiki ni cha waliozikwa vitovu hapa. Nenda, mama."

Akaenda. Akamchemshia mtoto majani. Kesho yake akarudi.

"Baba, na mimi nilimimina kapu langu."

"Nilikuona, na ahsante. Lakini nikikupa wewe, kesho milima yote itahamia hapa. Kitovu chako kiko wapi? Basi nenda."

Akaenda. Kabula alikuwa ameacha kulia. Nyie akina mama mnajua: mtoto akilia bado ana nguvu. Kalunde akamtazama, akambeba mgongoni, akajifunga kanga kiunoni, akarudi mara ya tatu. Safari hii hakumwomba Jumbe chochote. Aligeukia foleni ya waliosubiri kupimiwa. Wa kwanza alikuwa Bibi Ngolo, mama mzazi wa Jumbe, na fimbo yake.

"Shikamoo, bibi. Kitovu chako kimezikwa wapi?"

Lo, sijawaambia! Watu wa Igombola hawaoani wao kwa wao. Mabinti zao huolewa mbali, na wake zao huletwa kutoka mbali.

"Kwetu Busongo, mwanangu," akasema Bibi Ngolo. "Baba yake huyu alinitolea ng'ombe, mmoja kilema." Akamgeukia mwanawe. "Mihambo! Mimi nipimiwe, au nirudi Busongo?"

Foleni ikaangua kicheko. Jumbe hakucheka.

Kalunde akamwuliza wa pili. "Mimi wa kule bondeni." Akamwuliza wa tatu, mke wa Jumbe mwenyewe. "Mimi? Mume wangu anajua alikonitoa, viatu viliisha akinifuata!" Akatoka kwenye foleni, akasimama na Kalunde, ungo mtupu kichwani. Wa bondeni naye akatoka. Wakatoka wote, kila aliyeolewa pale. Wakabaki wanaume na watoto wao, wanatazamana.

"Mama," Jumbe akamwambia Bibi Ngolo, jasho linamtoka, "wewe ni mwenyeji bwana!"

"Tangu lini?"

"Tangu... tangu ulipoanza kulima hapa."

"Na Kalunde analima nini, upepo?"

Jumbe akasema kwa sauti ya chini, kama mtoto, "Na wakija wengine, mama? Mtama ukiisha?"

Bibi Ngolo hakumcheka. Alimshika mkono. "Wakija, wape uji kwanza, halafu wape jembe. Mwakani nani atakijaza kihenge hiki, mwanangu? Wewe na kibuyu chako?"

Jumbe akachungulia ndani ya kihenge. Akawatazama wale wanawake. Mwisho akamtazama yule mtoto mgongoni, kichwa kimelala upande.

Akachota.

"Haya, Kalunde. Nyumbani kwako mko wangapi?"

"Wawili, baba."

Akapima mtama wa wawili.

Na tangu siku ile, pale kihengeni, hilo ndilo swali pekee lililoulizwa.

Hadithi yangu naitua hapa kama mzigo wa kuni. Mwenye baridi achukue kijiti, mwenye joto amwachie mwenzake.