Kwa Nini Samaki wa Dhahabu Ana Maji Yake

Chubwi!

Sauti hiyo moja ilisikika usiku, zamani, kabla samaki yeyote hajaingia sebuleni kwa mtu. Kisha maji yakatulia.

Zamani hizo samaki wa maji matamu waliishi katika bwawa moja kubwa chini ya mlima. Upande mmoja palikuwa na chemchemi ya maji moto, nayo iliyafanya maji yawe vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Upande wa pili kijito kilishuka kutoka mlimani kikiimba, na maji yake yalikuwa baridi, yenye povu na hewa tele. Katikati palisimama matete, marefu na mazito kama ua. Wa huku waliishi huku, wa kule waliishi kule, na hakuna aliyemjua mwenzake ila kwa sifa.

Wa vuguvugu walikuwa wadogo, wepesi, wenye rangi za kanga mpya. Miongoni mwao alikuwamo Bi Mapindo, aliyeitwa hivyo kwa sababu mkia wake mrefu ulipepea kama pindo la kanga. Watoto wake walikuwa wamekua na kutawanyika, na nyumba yake, chini ya jani pana la yungiyungi, ilikuwa na ukimya usiomfaa mwenye maneno mengi kama yeye. Usiku ule aliposikia chubwi, alitoka mbio. Alimkuta samaki mnene, wa rangi ya chungu, ambaye alikuwa ameyaruka matete kwa hamu tu ya kujua upande wa pili una nini.

"Karibu, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, Mama. Lakini si sana."

Jibu hilo lilimfurahisha Bi Mapindo kuliko salamu yoyote.

Wakazi wa vuguvugu walikuwa na desturi yao. Mgeni alimnong'oneza mwenyeji jina lake mara moja tu, mlangoni. Tangu hapo aliitwa Mgeni, na jina lake lilikaa kinywani mwa mwenyeji bila kutajwa. Mgeni kuomba ruhusa ya kuondoka ilikuwa sawa na kumtukana mwenyeji, kana kwamba nyumba yake ina kasoro. Mwenyeji mwenyewe ndiye aliyepaswa kutambua kwamba ugeni umetosha. Hapo alimsindikiza mgeni wake mpaka kwenye matete, akalitamka jina lake, naye akaenda zake kwa heshima. Bila jina, hakuna safari.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Mgeni alicheka hadithi zote za Bi Mapindo, hata zile alizozirudia. Alikula alichoandaliwa, akala na kilichoandaliwa kwa jirani. Kuna siku aliung'ata mkia wa mwenyeji wake akidhani ni mchicha wa majini, na Bi Mapindo, badala ya kukasirika, alijisifu bwawa zima: "Mnaona? Hata mimi mwenyewe ni mtamu!"

Lakini maji ya joto yana hewa haba. Polepole Mgeni alianza kupanda juu, akautoa mdomo kwenye uso wa maji, akaufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga. Bi Mapindo alimtazama kwa huruma. "Maskini, bado ana njaa," alisema, akamwongezea chakula. Mgeni hakuweza kusema kinachomsumbua, maana kusema kungekuwa kuaga. Akala kwa adabu, akapanda tena, naye akaongezewa tena. Kilichobaki kilizama, kikaoza, na maji yakaingia ukungu. Joto nalo likamkaanga kidogo kidogo, kama andazi kwenye mafuta, mpaka ile rangi ya chungu ikageuka dhahabu.

"Tazameni anavyong'aa!" Bi Mapindo aliwaambia majirani. "Huko ndiko kushiba."

Mzee Kambale, aliyeishi chini kabisa ya bwawa, hakuona cha kung'aa. Alipanda juu, masharubu yamejaa tope.

"Dada yangu, wamesema wahenga, mgeni siku mbili..."

"Ya tatu mpe jembe. Samaki tuna majembe, Mzee?"

"Hatuna. Lakini tuna pua. Huyu wako anakula huko juu, sisi wa chini tunanyeshewa."

"Wivu huo! Nawe tafuta mgeni wako."

Majirani walicheka mpaka matete yakatikisika, na Mzee Kambale akarudi topeni kwake akinung'unika.

Asubuhi moja Mgeni hakuja kula. Bi Mapindo alimkuta amelala ubavu juu ya maji, mdomo ukifunguka kwa shida. Alimletea viluwiluwi vya mbu, laini, vilivyochaguliwa kimoja kimoja. Mgeni hakuvigusa. Bi Mapindo akamwita Mzee Kambale, safari hii bila mzaha.

Mzee alimzunguka mgonjwa, akamgusa kwa masharubu.

"Huyu hana njaa, dada yangu. Wala hakuwa nayo. Anatafuta hewa. Mrudishe kwao."

"Nikilitaja jina lake, atakwenda."

"Usipolitaja atakwenda pia. Ila si kwao."

Bi Mapindo akavisogeza tena viluwiluwi karibu na mdomo wa mgonjwa. Ndipo Mgeni akafungua jicho moja, akasema kwa sauti ndogo, "Usihangaike, Mama. Nitakula baadaye kidogo."

Hapo hapo Bi Mapindo aliingia chini ya pezi lake, akambeba. Mzee Kambale akasukuma kwa nyuma. "Mzito huyu!" alilalamika njia nzima. "Ndiyo mapishi yako haya!" Wakafika kwenye matete.

Na tangu siku hiyo samaki wa dhahabu hukaa kwenye maji yake ya baridi, na wale wadogo wa rangi rangi kwenye yao ya vuguvugu. Rangi ya dhahabu haikumtoka tena. Watoto wake na wajukuu wake huzaliwa na ile ya chungu, kisha wakiwa wakubwa hung'aa kama yeye. Nanyi mnaoniuliza kwa nini nina matangi mawili ya samaki sebuleni wakati moja kubwa lingewatosha wote, jibu ndilo hilo. Na mkimwona amepanda juu akifungua na kufunga mdomo, msikimbilie mkebe wa chakula. Mbadilishieni maji kwanza.

Lakini msiinuke bado, maana nimewaacha wale watatu kwenye matete. Maji ya kijito yalikuwa yakipenya baina ya mabua, baridi, yenye povu, yakimgusa Mgeni usoni. Matamvua yake yakaanza kufunguka. Alimtazama mwenyeji wake, wala hakuomba kitu. Bi Mapindo alikung'uta mkia, akaukunjua, akaukung'uta tena, kama mama anayetafuta la kufanya mlangoni.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nenda. Nenda, Amana."