Nguchiro Aazima Sufuria ya Shughuli

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima, wakiajiriana na kusengenyana kama sisi, alikuwako Nguchiro. Kaeni vizuri basi! Na wewe, acha kumfinya mwenzio. Mimi sirudii.

Nguchiro alikuwa akiamia ndege katika shamba la Bwana Kiboko. Kutwa yuko juu ya dungu katikati ya mpunga, debe mkononi: ngwa! ngwa! ngwa! "Hoyaa! Tokeni, walafi nyie!" Ndege wote, puruuu! Hata punje hawakuionja.

Lakini mkataba ulikuwa wa msimu mmoja tu, na mavuno yalikuwa yamefika. Kazi ikiisha, kibanda anachokaa na mkewe, Bi Mize, na watoto wao wachanga kinarudi kwa Kiboko. Na masika hayo mlangoni!

"Bwana mkubwa," Nguchiro akauliza, "msimu ujao nipo au sipo?"

Kiboko alikuwa matopeni, masikio tu nje. "Tutaona."

Kesho yake akauliza tena.

"Tutaona, bwana! Mbona una haraka?" Blu-blu-blu, akazama.

Jamani, hivi watoto wanakula "tutaona"? Mimi ningemrushia lile debe. Nguchiro akameza hasira zake, akaenda kutafuta kazi kwingine.

Nyati, mwenye shamba la mtama, alimtazama toka kichwani hadi mkiani. "Unatafuta kazi? Mbona Kiboko hakung'ang'anii? Una kasoro wewe."

Tembo naye: "Mfanyakazi mzuri hazunguki milangoni kwa watu. Nenda zako."

Nguchiro akarudi nyumbani mnyonge. "Mke wangu, tumekwisha. Mvua ikianza tutalala wapi na hawa?"

"Kwani kazi wanampa nani?" Bi Mize akauliza.

"Wanampa yule anayetakiwa na mwingine!"

Mara Nguchiro akaruka, tii! "Mize! Kaazime sufuria!"

"Sufuria? Nipike nini? Hata mboga ya jioni sina!"

"Nani kasema upike? Kaazime ile kubwa ya shughuli, kwa Mama Tembo. Akikuuliza, cheka tu."

Mnajua mambo ya mtaani: mtu akiazima sufuria ya shughuli, hakuna anayengoja mwaliko ndipo ajue kuna jambo. Mama Tembo akauliza, "Kuna nini kwenu?" Bi Mize akacheka, "Mambo tu, shoga." Akajitwisha sufuria mchana kweupe, akapita njia ndefu. Mbebaji haonekani, unaona sufuria inatembea yenyewe!

Nguchiro naye akaenda kwa Nyati kuazima majamvi.

"Mnaoza?" Nyati akauliza.

"Wanangu bado wananyonya, bwana."

"Msiba?"

"Mungu apishe mbali!"

"Basi mnahama! Umepata kazi!"

Nguchiro akakohoa, khm, akabeba majamvi yake huyoo.

Nyati akatimua mbio hadi kwa Tembo, vumbi tifu! "Umemchukua Nguchiro kimyakimya!"

"Mimi? Si wewe? Mke wangu kawapa sufuria, wanaaga!"

"Usinifiche!"

"Wewe ndiye unayenificha!"

Wakatoka mbio wote wawili, kila mmoja anataka kumwahi mwenzake.

"Nguchiro, kwangu utapata kibanda cha bati!" Nyati akafoka mlangoni.

"Kwangu kibanda na jiko la nje!" Tembo akapiga mkonga, paaaa!

Kelele zikamfikia Kiboko. Akaja anatiririka tope. "Nani anamgusa mtu wangu?"

"Si mkataba umekwisha?" akasema Tembo.

"Umekwisha wapi! Nguchiro, mbona hukusema unataka kuondoka?"

"Nilikuuliza, bwana mkubwa."

"Basi yaishe! Nakupa misimu mitatu! Na kibanda nakupa kiwe chako kabisa!"

"Tafadhali rudia, na hawa majirani wasikie."

Kiboko akarudia kwa sauti ya kutikisa makuti. Majirani wakaitikia, "Tumesikia!" Bi Mize akapiga vigelegele mpaka machozi yakamtoka, maana siku zote hizo alikuwa na hofu.

Hapo akatokea Mama Tembo na kisu chake, kaja kusaidia kumenya vitunguu. Akafunua sufuria. Tupu!

"Ehe! Shughuli iko wapi?"

"Imekwisha, dada," akasema Nguchiro. "Ilikuwa ya kumfungua Bwana Kiboko mdomo."

Wee! Tembo na Nyati wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka wakakaa chini. Kiboko alitaka kuikana ahadi yake, lakini mashahidi wote wale walikwisha kuisikia. Akarudi zake matopeni, na Nguchiro akapanda dunguni.

Ndiyo hivyo, wanangu: thamani ya mfanyakazi haionekani mpaka jirani amtake.