Jirani Asiyeomba Kitu

Wamepokea wasimulizi kutoka kwa waliowatangulia kwamba, katika zama za wachamungu, mwanamke mwema aitwaye Lubaba alihamia mji mmoja wa milimani. Mumewe alikuwa safarini na msafara, naye mwenyewe alikuwa na mimba kubwa. Kwingine mwenye hali hiyo hukimbiliwa na majirani. Huko hakuna aliyebisha hodi.

Watu wa mji ule walikuwa na dini na haya, na maneno machache mno. Lubaba akiwatolea salamu, waliitikia kama inavyopasa, kisha milango ikafungwa. Akawapelekea mikate. Akawapelekea samli na tende. Vyombo vilirudi vimeoshwa vizuri, na aliyevileta alikuwa ameshageuka kabla hajakaribishwa. Alipika na kugawa mpaka mgongo ukakataa. Hata dua yake ikawa ya mtu aliyechoka: "Ewe Mola wangu, waja wako hawa wanataka nini?"

Asubuhi moja akashikwa na uchungu, akaona afadhali aibu kuliko kuzaa peke yake. Akajikokota mpaka kwa Bi Atika, ajuza wa nyumba ya pili, akasimama mlangoni mikono mitupu.

"Mama, naogopa. Sina mtu. Naomba unisaidie."

Bi Atika akamtazama. "Alhamdulillahi. Tulidhani hutasema mpaka mtoto aote meno."

Lubaba, pamoja na maumivu yake, akakasirika. Akamuuliza kwa nini basi hawakuja, na hali tumbo walikuwa wakiliona.

"Hapa kwetu, mwanangu, hatuingii kwa mtu asiyetuomba kitu. Wewe ulitoa tu, hata chumvi hukuazima. Tukasema, huyu anatulipa tusimsogelee."

"Si mngeniambia."

"Si ungeuliza."

Basi ajuza akawaita wanawake wa mtaa, wakaja wote, wakakaa naye mpaka akajifungua salama mtoto wa kike, huku wakiteta namna alivyopanga jiko lake.

Majirani wale wana la kujibu mbele ya Mola wao, maana mwenye mimba hangojwi aombe. Lakini Lubaba naye, kutoa kulikuwa kwepesi kwake. Kilichomshinda ni kusema kweli kwamba yu mhitaji. Mwenyezi Mungu atujaalie ulimi wa kulisema hilo mapema, kabla uchungu haujatulazimisha.