Kwodi ya Buluu ya Bwana Kiama

Mibaazi ya Ngoliba haina lawama. Ikikosa maua, mara nyingi jua limewaka kweli. Wa kulaumiwa ni watu, hasa wenye mali, ambao jambo likiharibika mikononi mwao hunyoosha kidole mbinguni. Ndio waliotungiwa methali hii: mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Bwana Kiama alikodisha pikipiki za magurudumu manne, ziitwazo kwodi, katika shamba kuukuu la kahawa huko Ruiru. Nyekundu zilikwenda kama mshale. Mbili za buluu zilijikokota kama kobe mwenye homa. Jumamosi wapinzani kutoka Thika wangekuja kushindana, na nyekundu zote zilikwisha kukodishwa, zikabaki za buluu tu za kushindania.

"Tatizo ni rangi," Kiama alimwambia Calvince, dereva wake. "Buluu ni rangi ya maji. Maji yana mbio gani?"

"Kwenye mteremko yanakimbia sana, bosi."

"Usinijibu! Ipake moja nyekundu. Ukishindwa Jumamosi, vua hizo gambuti za kazi, urudi Kiganjo ukalale."

Calvince aliipaka rangi, ikakauka, akaijaribu. Kobe akabaki kobe, ila sasa alikuwa mwekundu. Akaongeza rangi, huenda wekundu haujakolea. Wapi! Akakagua magurudumu, mnyororo, oili. Vyote sawa na vya zile za kasi. Kichwa kikamvuma kama mzinga wa nyuki. Mbona nyekundu nyingine zinakimbia? Au kuna wekundu wa aina mbili?

"Ni wewe na ugali wako," Kiama akamkemea. "Umeilemea."

Gathoni, mkata tiketi wa langoni, hakuvumilia. Mama huyo alikuwa hasahau kitu.

"Haiya! Calvince, hiyo si ile ya watoto? Mtoto wa mgeni alipoparamia uzio, mzee mwenyewe alishika bisibisi akakaza skrubu hapo penye mkono wa mafuta, ule wa kuongezea kasi, zote mbili za buluu, zisikimbie. Nilikuwa nimesimama hapa hapa."

"Sikumbuki," Kiama akasema, akaenda zake.

"Hawezi kukumbuka," Gathoni akamwambia Calvince. " Anayekaza husahau, aliyekazwa ndiye hukumbuka."

Calvince aliilegeza skrubu. Jumamosi kwodi ikafyatuka kama jiwe la teo, na watu wa Thika wakameza vumbi hadi mwisho wa mbio. Kibarua kikaokoka. Alipokuwa akishuka, Kiama alikuwa keshapanda juu ya kreti ya soda.

"Mmeona? Niliwaambia! Nyekundu ina kasi!"

Umati ukashangilia. Hata walioshindwa wakauliza rangi hiyo huuzwa duka gani. Yawa! Calvince aliilegeza skrubu kwa mkono wake, lakini makofi yalikuwa mengi hivi kwamba alianza kuushuku mkono wenyewe.

"Jumatatu paka na ile nyingine," Kiama akaagiza.

"Na skrubu, bosi? Nayo niilegeze?"

"Skrubu gani tena? Usinichanganye. Wewe paka rangi!"

Gathoni aliangua kicheko kisicho na furaha hata chembe. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Na siku ukichanua, hujisifu wenyewe ukamsahau aliyeupalilia.