Mahindi Yaliyokobolewa Mara Mbili

Tulieni, ndugu zangu. Mifano mmesikia mingi, lakini huu wangu hata yule anayesinzia kule nyuma ataondoka nao.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa na binti wa miaka mitatu na nguruwe mmoja. Binti alikuwa anapungua. Kila mwezi kule kliniki mshale wa mizani ulirudi nyuma. Mara ya mwisho muuguzi alimwambia, "Akipungua tena, tunamlaza."

Nimemkosea wapi mwanangu? akajiuliza. Akaazimia kumpa kilicho bora. Akajitwika mahindi hadi mashineni.

"Koboa mara mbili, kaka. Nataka unga mweupe kama pamba."

"Mara mbili, dada? Si utabaki na wanga mtupu?"

"Wewe koboa! Mwanangu ale dona lisilokobolewa kama mfungwa?"

Basi mtoto akala ugali mweupe, akashushia na soda. Pumba, pamoja na viini vyote vya mahindi, zikaenda bandani kwa nguruwe.

Siku ya kliniki ikafika. Mama alimpandisha binti kwenye mizani huku yeye amefumba macho. Muuguzi akaandika kwenye kadi.

"Sema basi, dada yangu, nakufa!"

"Amepungua nusu kilo. Hivi kwako hakuna anayenenepa?"

"Yupo!" mama akadakia, akitafuta pa kujitetea. "Nguruwe wangu! Ukimwona, hata geti hapiti."

"Unamlisha nini?"

"Pumba tu. Na majani ya maboga. Na maharage, mtoto akiyakataa."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Mama, kwenu mtoto ni yupi na nguruwe ni yupi?"

Binti akalazwa siku ile ile.

Mnacheka? Nani humu hajaona haya mgeni alipomkuta na ugali wa dona mezani? Mungu ameifunga punje ikiwa kamili, ganda lake na kiini chake. Sisi tunampa mtu wa mashine aitoe ile nguvu, tunanunua vya pakiti, halafu tunakuja hapa mbele kuombewa afya! Leo ukifika nyumbani, kabla hujaomba Mungu abariki chakula, chungulia kwanza bandani uone baraka aliyokwisha kukupa anaila nani.